Habari ya Msiba Huletwa kwa Miguu

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja ya Jumamosi mume wangu aliponifichia simu yangu. Tulikuwa Ubelgiji, katika mji wa Ghent, ndani ya nyumba ya kupanga yenye ngazi nyembamba hata sanduku letu kubwa likabaki chini mlangoni muda wote tulioishi pale. Mama yangu alikuwa amefariki alfajiri hiyo huko kwetu Bungoma. Ndugu zangu walijua, wazee wa kanisa letu hapa Adelphi, Maryland, walijua, mume wangu alijua. Mimi peke yangu nilikuwa sijui, na nilikuwa nadai simu yangu ili nimpigie mama.

Usiniharakishe, nitakufikisha. Siku hizo mvi zilikuwa hazijanipata, na magoti yangu yalikuwa bado yananitii. Nilikuwa nikifanya kazi ya kutunza wazee katika nyumba moja ya wagonjwa, na mume wangu, Baba Neema, alikuwa akifundisha chuoni. Chuo kikampa ile likizo ndefu wanayopewa walimu ili wapumzike na kuandika, naye akasema twende sote Ulaya, watoto waione dunia. Neema alikuwa na miaka minane, Petro hata viatu alikuwa bado anavaa kinyume. Watu wa kanisa walitucheka. Kwetu mtu husafiri kwenda kuzika, au kuoza binti, au kutafuta kazi. Kupanda ndege ili ukatembee tu, ukatazame majengo, ilikuwa habari mpya, na wengine waliniuliza kwa siri kama mume wangu amefukuzwa kazi!

Basi tukaenda. Tulianza Ureno, tukapanda treni hadi Ufaransa, tukaishia Ubelgiji. Na katika safari nzima aliyetuongoza alikuwa yule mwanamke wa ndani ya simu, anayekwambia geuka kulia, geuka kushoto, na ukikosea hakasiriki. Petro aliamini kwamba ni shangazi yake mmoja ambaye hajawahi kumwona. Simu ilitusomea vyakula vya hotelini, ikatutafsiria maneno ya mwenye nyumba, ikatupigia picha ambazo hadi leo sijazitazama zote. Siidharau simu, mwanangu. Hata hivi sasa ndiyo inayonikumbusha dawa zangu za presha, na ikisahau nami nimesahau.

Lakini kazi yake niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya Jumamosi. Kila Jumamosi baada ya chai tulimpigia mama yangu kwa video. Watoto walimwita Kukhu, kama sisi watu wa Bungoma tunavyomwita bibi. Mama hakuwahi kuizoea video. Simu ikilia aliipeleka sikioni moja kwa moja, kwa hiyo sisi huku tuliona sikio lake tu, na lile tundu la hereni lililoziba tangu ujana. Nikimwambia, "Mama, shusha simu tukuone," alinijibu, "Nikishusha nitawasikiaje?" Watoto walicheka hadi machozi. Ndivyo walivyomjua bibi yao, kwa sauti na sikio.

Sasa nikueleze juu ya Mzee Yosefu, maana bila yeye hii habari haina kichwa. Mzee Yosefu alikuwa Mkongo wa Uvira, mzee wa kanisa letu, na aliishi katika zile nyumba za ghorofa karibu na barabara ya University Boulevard. Yeye ndiye aliyetufundisha, Wakenya kwa Warundi kwa Wakongo, namna ya kupeleka habari ya msiba katika nchi hii. Msiba ukitokea nyumbani Afrika, ndugu wa kule hawampigii mfiwa. Wanampigia Mzee. Naye anakusanya watu wawili watatu, wanakutana kwenye maegesho ya magari chini ya nyumba ya mfiwa, mmoja amebeba chupa ya chai, wanapanda pamoja. Mtu haambiwi akiwa kazini. Haambiwi akiwa anaendesha gari. Wala haambiwi akiwa na njaa, maana baada ya kuambiwa hatakula tena hadi kesho. Kwa hiyo swali la kwanza la Mzee mlangoni lilikuwa ni, "Umekula?" Mimi mwenyewe niliwahi kwenda naye kwa ndugu mmoja Mrundi. Tulimngoja garini hadi aliporudi kutoka kazini, tukamwacha anywe chai yake, ndipo Mzee akamshika mkono na kumwambia kwamba kaka yake ametangulia. Niliyaona hayo yote kwa macho yangu. Lakini mganga hajigangi, na zamu yangu ilipofika sikuona kitu.

Asubuhi hiyo Baba Neema alitoka kununua mkate. Ndugu yangu alikuwa amempigia Mzee Yosefu, na Mzee akampigia mume wangu palepale barabarani. Alimwambia, "Chukua simu yake. Muhakikishe anakula. Usimuambie wewe peke yako, mutoto wa dada yangu anakaa Liège, nimekwisha kumuamsha, anapanda treni sasa hivi." Hayo niliambiwa baadaye. Nilichokiona mimi ni mume aliyerudi na mkate, macho yake hayatulii, akaichukua simu yangu mezani na kusema chaja imeharibika, ataipeleka kwa fundi. Kisha akaanza kunikaangia mayai. Mume wangu, mwanangu, ni mtu mwema, lakini tangu tuoane hakuwahi kunikaangia hata yai moja.

"Kula kwanza, mama," akasema. "Tafadhali, kula."

"Nitakula nikishaongea na mama. Leo si Jumamosi? Nipe simu yako basi."

"Yangu pia haina chaji."

Nilikasirika. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa, kwamba ananichunga kama mtoto, kwamba anaona wivu nikiongea na watu wa kwetu. Alisukuma sahani karibu yangu, akaenda kusimama dirishani, akatazama chini barabarani kama mtu anayengoja gari. Mabega yake yalikuwa yanatetemeka, nami nikadhani ni hasira.

Ndipo Neema akatoka chumbani. Alikuwa ameikumbatia ile kompyuta yake ndogo ya kuchezea michezo, kioo kimeelekea kifuani. Akaja akaketi karibu nami, karibu mno, akalaza kichwa kwenye mkono wangu hata nikashindwa kushika uma vizuri. Nikamwambia, "Haya, mpigie Kukhu na hiyo yako." Akanijibu kwa Kiingereza, kama wanavyotujibu watoto wetu wa huku, kwamba haina moto, chaji imeisha. Nikala mayai yangu nikinung'unika. Nikamaliza, na mkate nikamaliza.

Mlango ukagongwa. Nilifungua mimi. Mbele yangu alisimama mwanamke nisiyemjua, amejifunga kitenge juu ya koti zito, mkononi ana bakuli la chakula lililofungwa kwa kitambaa. Alikuwa anahema kwa sababu ya zile ngazi.

"Mama Neema ni weye?" akauliza. "Miye ni Solange, natoka Liège. Muzee Yosefu ni mujomba wangu, yeye njo alinituma." Kisha akanitazama usoni. "Umekwisha kula, mama?"

Hapo nikajua. Hakuwa bado amesema, lakini nilijua, nikaanza kuanguka. Solange aliliachia bakuli likaanguka, akanishika kabla sijafika chini. Akaniambia sikioni, "Mama yako ametutoka, dada. Ametutoka leo asubuhi. Niko hapa." Akarudia hayo ya mwisho mara nyingi, niko hapa, niko hapa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sikupona siku ile, lakini nililia nikiwa nimeshikwa, na yule mwanamke alikaa nami hadi tulipoondoka kwenda kuzika. Hadi leo nikiwaza kwamba ningeyasoma maneno hayo kwenye kioo, nimesimama jikoni peke yangu, mwili unanisisimka.

Ningeweza kuishia hapa, na ungeondoka ukisifu busara ya Mzee Yosefu. Lakini bado hujasikia lililo kubwa.

Ndani ya ndege, tukielekea nyumbani kuzika, Petro amelala na baba yake amelala, nilimgeukia Neema. Nikataka kumwambia polepole, maana katika pilikapilika zile hakuna aliyeketi naye. Nikaanza, "Neema, unajua Kukhu..."

"I know, Mommy," akasema. Kisha akaniambia kwamba alijua kabla yangu.

Mwanangu, ile kompyuta yake ndogo tulikuwa tumeiunganisha na simu yangu, ili watoto waweze kumpigia bibi. Kila ujumbe ulioingia kwangu uliingia na kule. Tukaficha simu, tukaisahau ile. Na mpwa wangu mmoja, kijana anayeishi Columbia Heights, si mbali na kwetu, alikuwa amepata habari kutoka nyumbani. Akaweka picha ya mama kwenye kundi la ukoo, akaandika kwa Kiingereza kwamba Kukhu apumzike kwa amani. Mtoto wa miaka minane aliyasoma hayo kitandani kwake, na nguo za kulalia mwilini, hakuna aliyemshika.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Baba alikuwa anakuomba ule. Ulikuwa hujamaliza kula."

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Binti yangu alikaa na kifo cha bibi yake kifuani, akanisikiliza nikigombana, akasema uongo kuhusu moto wa mashine yake, ili mimi nile mayai. Na hakulia. Hakulia kaburini, hakulia tuliporudi Maryland. Alikuwa mtoto mwenye adabu kupita kiasi, anaosha vyombo bila kuambiwa, na moyo wangu ulikuwa unaogopa kila nikimtazama.

Baada ya miezi kadhaa nilimpelekea Mzee Yosefu habari hiyo. Nilikwenda na mpwa wangu, kwa sababu ndiye aliyekuwa na gari, na kwa sababu nilitaka Mzee amkemee mbele yangu. Kijana alijitetea, "Mzee, mimi si nilikuwa tu nataka watu waombe? Sikujua Auntie hajaambiwa."

Nilingoja radi ipige. Mzee akavua miwani. "Wewe ulilia ukaona hauwezi kulia peke yako, ukaita batu walie na weye," akamwambia. "Kuita batu si mubaya. Lakini haukuuliza nani atakusikia." Kisha akanigeukia mimi. "Na siye wakubwa? Tulimuandalia mama treni, na mayai, na mutu wa kumushika. Mutoto, nani alimukumbuka? Hata miye sikumukumbuka. Unakuja hapa nimupigie huyu kelele, na mutoto wako bado hajaambiwa."

"Anajua, Mzee," nikasema.

"Anajua. Lakini hajaambiwa."

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, walikuja kwetu. Mzee Yosefu na suti yake ya kanisani, na wazee wengine wawili, na mpwa wangu nyuma yao amebeba chupa ya chai. Waliegesha magari, wakapanda pamoja, wakapiga hodi kama wanavyompigia mtu mzima. Mzee alimuuliza Neema kama amekula. Mtoto akaitikia kwa kichwa. Mzee akashuka taratibu na magoti yake mabovu, akaketi kwenye zulia mbele yake, akamshika mikono yote miwili.

"Neema, mujukuu wangu," akasema. "Tunakuletea habari ya huzuni. Kukhu wako alitutoka. Tumechelewa sana kukuletea, utusamehe. Tuko hapa."

Neema alimtazama. Kisha akalia, mwanangu, akalia kilio cha miezi, akajitupa kwenye kifua cha yule mzee, na sisi sote tukalia naye, na mpwa wangu alilia kuliko wote. Ndiyo siku mama yangu alipozikwa nyumbani mwetu.

Sasa sikia ninalokuambia. Siku hizi habari inafika kabla mtu hajavaa viatu, nanyi vijana mnadhani anayeandika wa kwanza ndiye aliyependa zaidi. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, walisema wa zamani, na leo tunajikwaa vyote viwili kwa pamoja. Ukisikia msiba, weka simu chini. Uliza, mwenye msiba ameambiwa? Nani yuko naye? Kama hakuna mtu karibu naye, mtafute mtu, hata kama ni wa kutoka mji mwingine, hata kama hamjuani, apande treni. Na ukishamwangalia mkubwa, tazama chini, kuna mtoto. Usijidanganye kwamba kwa kuwa amesoma basi ameambiwa. Mpelekee kwa miguu yako, umshike mikono, useme kwa kinywa chako, hata kama umechelewa miezi, hata kama umechelewa miaka.

Nami nakuombea. Mungu akuwekee mbali siku yako ya kupigiwa hodi. Na ikija, maana itakuja, ikukute umekula, ikukute umeketi, na anayeileta awe na mikono ya kukushika. Amina.