Kadi ya video ya kwaya na jenereta ya Mzee Kabura

Admin, nifiche jina. Wa kambini wakisoma watanijua hata kwa uandishi wangu mbaya.

Mimi ni kijana wa miaka 24, nimezaliwa kambi ya wakimbizi huku huku Kigoma, wazazi walikimbia Burundi. Shule niliishia darasa la tano. Sasa nina kibali cha kukaa nje ya kambi, nafanya kazi studio moja ya video za harusi hapa Mwanga, Kigoma mjini, nimepanga chumba Kasingirima. Mbele za watu siwezi kuongea. Mimi naangalia tu, ndivyo nilivyojifunza kila kitu.

Kwaya yetu ya kambini walipewa kompyuta, wakataka watoe video ya nyimbo zao kabla watu hawajaanza kurudi Burundi, maana wakishatawanyika basi. Kompyuta ikawa inaganda kila wakigusa video. Mwenyekiti akanipigia: "Fundi wetu wa mjini, tutafutie kadi ya video nzuri ya kufunga ndani ya kompyuta." Hilo neno fundi likanipanda kichwani. Studio kazi yangu ilikuwa kukunja nyaya na kufuta vumbi.

Dukani muuzaji akaniuliza, "Pawasaplai yenu wati ngapi?" Ni kile kiboksi cha ndani kinachogawa umeme kwenye kompyuta. Sikuwa nimekiangalia. Watu walijaa, nikaona aibu. Nikasema, "Ni kubwa tu." Akacheka, "Kubwa kama nini, kama meli?" Wote wakacheka. Nikanyoosha kidole kwenye kadi yenye feni mbili na GB nyingi. Akasema, "Hiyo inakula umeme sana, mdogo wangu." Nikamjibu, "Najua." Sikuwa najua.

Nikaifunga kambini Jumapili baada ya ibada. Picha ikawaka safi, kina mama wakapiga vigelegele. Kompyuta ilipoanza kutoa video, pu! Ikazima. Tukawasha, pu! Mara tatu. Watu wote wakanigeukia. "Vipi, fundi?"

Nikasema, "Ni jenereta. Umeme wake hautulii."

Jenereta ya kanisa alikuwa anaitunza Mzee Kabura. Baba yangu alipofariki, yeye ndiye alinishika mkono kunipeleka darasa la kwanza. Akasema taratibu, "Mbona taa hazikuzima, mwanangu?" Kijana mmoja wa kwaya akamrukia, "Mzee, tangu lini umejua kompyuta?" Wakacheka. Mimi nikaangalia chini.

Wiki hiyo kamati ya kanisa wakamnyang'anya ufunguo wa jenereta. Ikavuma kwamba anauza petroli na kujazia mafuta ya taa. Mtu ambaye hata kiberiti cha jirani anarudisha.

Mwezi uliopita bosi wangu alikuwa anamwelekeza mteja anayetaka kununua kadi ya video. Akamwambia, "Kichwa cha kompyuta ni kama mama mmoja hodari. Kadi ya video ni kina mama mia pale Katonga wanaanika dagaa, kila mmoja na kipande chake cha picha, wote kwa mpigo. GB ni uwanja wa kuanikia tu. Uwanja mkubwa mikono michache, dagaa wanaoza. Halafu hao mia wanakula! Kama jiko lako la watu ishirini usiwaite. Angalia kwanza pawasaplai ina wati ngapi, ndiyo uchague kadi."

Nikajikaza nikauliza, "Ikiwa ndogo inakuwaje, bosi?"

"Nyimbo utasikiliza vizuri. Ukianza kutoa video, kadi inavuta umeme wote, kompyuta inazima pu."

Kitambaa cha vumbi kilinidondoka. Taa hazikuzima. Mzee aliona, na mimi ninayejiita mtu wa kuangalia sikutaka kuona.

Sasa jina la Mzee Kabura limetoka kwenye orodha ya wanaorudi, anarudi Burundi Alhamisi hii. Juzi alikuja mpaka Mwanga kuniaga, kaniletea maharage kwenye kimfuko. Hakunilaumu hata kidogo, na hicho ndicho kinaniua. Tulipokaa akaniuliza, "Mwanangu, wewe ndiye unayejua mashine. Niambie ukweli, jenereta yangu nilikosea wapi? Nataka nikifika kule nisirudie."

Nikamwambia nitaichunguza. Akaniwekea mkono kichwani kama zamani, akaondoka.

Nikienda kusema mbele ya kanisa zima, hakuna atakayeniamini tena, na kibali changu cha mjini kilitoka kwa barua ya mchungaji wao. Nikimwambia Mzee peke yake pembeni, ataondoka anajua ukweli lakini nyuma wataendelea kumwita mwizi wa petroli. Nikikaa kimya, ataenda kuishi na kosa ambalo ni langu. Na mimi nikisimama mbele za watu ulimi unakauka, hiyo mnisamehe.

Leo Jumanne. Maharage bado yako kwenye kimfuko, nashindwa hata kuyapika. Kaka zangu, dada zangu, nishaurini, nifanye nini kabla ya Alhamisi?