Sadaka ya Koti la Baba

Mwezi uliopita nilipeleka mfuko wa nguo zilizowabana wanangu kwenye duka la hisani kule Hodge Hill, hapa Birmingham, liuzalo vitu vya sadaka ili kusaidia wasiojiweza. Kijana wa kaunta akanisogezea fomu, akaniuliza kama mimi ni mlipa kodi. Ukisema ndiyo, duka hudai serikalini sehemu ya kodi uliyokwisha kulipa, na sadaka yako ikanenepa bila wewe kuongeza kitu. Nikatia sahihi, nikatoka, lakini nilipoingia garini sikuweza kuondoka. Utaona ni swali dogo. Basi nikusimulie lilivyonipata nikiwa na miaka kumi.

Tulikuwa tukiishi Alum Rock, mimi, mama na baba. Miaka ile, kwenye elfu mbili na sita hivi, barabara nzima ilinukia vitunguu vya kukaanga na dania mbichi. Baba alifanya kazi kiwanda cha vyuma kule Aston. Jioni alirudi ananuka grisi, na mama humvua koti kabla hata ya kumwamkia. Lilikuwa koti la sufu, la kijivu, zito mno. Nikilivaa magoti yananikunjika. Mama alikulia Mombasa, shule akaiacha mapema, na Kiingereza kilimpita masikioni kama upepo. Mimi ndiye niliyekuwa ulimi wake dukani, hospitalini, kwa mwenye nyumba.

Baba alianguka kazini. Moyo, walisema. Mama akakaa eda, nyumba ikanyamaza, majirani wakaleta wali na kuondoka wakinong'ona. Eda ilipokwisha alifungua kabati, akakunja nguo moja baada ya nyingine. Kanzu akazirudisha ndani.

"Hizi nyingine tumtolee sadaka," akasema. "Kuna mtu huko nje anaona baridi."

Kwenye duka la hisani kulikuwa na bibi mzee wa Kizungu, miwani yake inaning'inia kwa mnyororo. Aliita kila mtu "bab", yaani mpenzi, kama wazee wa Birmingham wafanyavyo, na mara ya kwanza nilishtuka nikidhani anamtaja baba. Akapapasa lile koti, akalisifu, kisha akauliza kama mama ni mlipa kodi.

"Mama, anauliza kama unalipa kodi."

Mama akajinyoosha. "Mwambie nalipa. Kila mwezi, na sijachelewa hata mara moja."

Nikasema ndiyo. Mama akaandika jina lake polepole, herufi kwa herufi. Kumbe yeye alikuwa anasema kodi ya nyumba. Kwetu neno ni hilo hilo, la mwenye nyumba na la serikali, na mimi nililibeba tu bila kuligeuza nilitazame.

Baada ya wiki kadhaa ikaja barua. Nguo zimeuzwa, asante sana. Duka litadai kodi serikalini. Ikiwa aliyetoa hakulipa kodi ya kutosha, atatakiwa kulipa mwenyewe. Nilisoma mara tatu. Mama hakuwa na kazi. Akilini nilimwona akichukuliwa na polisi kwa uongo uliotoka mdomoni mwangu. Nikaificha barua chini ya godoro, na wiki nzima mlango ukigongwa nakimbilia chumbani. Hata mahamri ya Jumamosi yalinishinda.

"Una nini, mwanangu?" mama akauliza. Nikaangua kilio, nikaileta.

Alisikiliza mpaka mwisho. Hakunigombeza.

"Imesema zimeuzwa? Hata koti?"

"Hata koti."

Akachukua buibui lake. "Twende. Hii ni sadaka ya babako. Sitaki iwe na uongo ndani."

Kulikuwa na mvua. Tulifika tumelowa, na mama akanisimamisha mbele ya kaunta. "Mwambie mimi sina kazi. Mume wangu ndiye aliyekuwa akikatwa kodi, naye amefariki. Nilidhani unauliza kodi ya nyumba."

Nilitafsiri neno kwa neno. Yule bibi alivaa miwani, akatafuta fomu ndani ya boksi, akapiga mstari juu ya sahihi ya mama. "Mwambie mama yako zawadi yake haijapungua hata kidogo," akasema.

Mama akaitikia kwa kichwa, lakini hakuondoka. "Muulize koti alilichukua nani."

Bibi akalikumbuka mara moja. Ni mzee mmoja auzaye mboga kwenye meza ya nje, akasema. Alilivaa pale pale dukani, akatoka nalo mwilini.

"Alhamdulillahi," mama akasema. Tulipofika nje alishika ukuta, akalia kwa sauti, watu wakipita. Siku ya mazishi hakuwa amelia.

Duka lile halipo tena. Pale sasa wanauza vifuniko vya simu. Yule bibi sikupata kulijua jina lake. Mama baadaye alipata kazi ya usafi shuleni, akajifunza Kiingereza kwa wafanyakazi wenzake, na siku hizi wanangu humsemesha kwa Kiingereza naye huwajibu kwa hicho hicho, wanacheka, bila hata kunitazama. Ni jambo jema, najua. Lakini hakuna tena anayenigeukia mbele ya kaunta, akaningoja nimwambie dunia imesema nini.