Bega Gani, Jeremiah?

Februari ya 1921, askari watano wa Mwingereza walimkalisha mama yangu mkubwa, Nonie Culhane, juu ya ndoo iliyopinduliwa katikati ya ua wa baba yake, wakamnyoa kwa mkasi wa kukatia manyoya ya kondoo. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Mvua ilikuwa inanyesha. Swali lao lilikuwa moja tu, nao walilirudia kila walipokata shungi: "Tuohy yuko wapi?"

Malachi Tuohy, kamanda wa vijana waliopigania uhuru upande wetu huu wa Limerick, alikuwa hatua ishirini kutoka pale, darini juu ya zizi la ng'ombe, bega lake limepasuliwa na risasi. Alisikia kila kitu. Nonie hakutoa neno. Walipoondoka, damu ikimtiririka masikioni, aliingia jikoni, akachemsha maji ya chumvi, akapanda ngazi kwenda kumwosha yule mtu kidonda, maana saa ya kumwosha ilikuwa imefika.

Alimficha wiki kumi na moja. Alimlisha viazi na maziwa, akazipeleka barua zake milimani kwa baiskeli, zimefichwa ndani ya mkate. Tuohy alipona, akaondoka, akaacha koti lake lenye tundu la risasi. Mwaka uliofuata Mwingereza aliiachia sehemu kubwa ya nchi, na wale waliomfukuza wakageukiana wenyewe kwa wenyewe kwa sababu ya mkataba uliotiwa saini naye. Tuohy aliuawa na watu aliokuwa amelala nao shimo moja la mafichoni. Akiwa hai walimwinda. Alipozikwa wakaanza kumwimba.

Nonie hakuolewa. Alisugua makopo ya kiwanda cha maziwa miaka thelathini na tano mpaka vidole vikapinda. Nywele ziliota tena, ila nyuma ya sikio la kushoto palibaki kovu lisiloota kitu. Hakujisifu. Sisi watoto wa mdogo wake tulijua habari hizi kwa mama yetu, si kwake.

Ikafika 1966. Nchi nzima ilikuwa inaadhimisha miaka hamsini tangu mapinduzi ya Pasaka, yaliyoanzisha vita vya kumfukuza Mwingereza, na kila kijiji kilitaka jiwe lake la ukumbusho. Mwenyekiti wa kamati ya kijiji chetu, Knockbrone, alikuwa Jeremiah Garrihy, mwenye duka kubwa. Siku moja alikuja jikoni kwa mama mkubwa, kofia mkononi, tabasamu hadi masikioni. Mimi nilikuwepo, nakanda unga.

"Nonie, dada yangu, tunakutegemea wewe kwa chai. Watu mia tatu. Na lile koti la marehemu, tungeomba utuazime tuliweke ukumbini, watu walione."

"Chai sawa," akasema. "Na jina langu mmeliweka wapi?"

"Jina gani tena?"

"La kwenye jiwe. Langu na ya wasichana wengine wanane waliowaficha vijana wetu. Sheila Moroney alipigwa mpaka akapoteza mtoto, Jeremiah. Umesahau?"

Garrihy akaizungusha kofia. "Ah, Nonie! Jiwe ni la wapiganaji. Nyinyi mlisaidia, nani anakataa? Mungu anajua. Lakini tukianza kuandika kila aliyepika viazi, tutahitaji mlima, si jiwe."

Akacheka. Mama mkubwa hakucheka. Akamwambia, "Nionyeshe hayo majina."

Garrihy akatoa karatasi mfukoni. Majina kumi na manne, yote ya wanaume. La saba lilikuwa lake mwenyewe: Jeremiah Garrihy, aliyemficha Kamanda Tuohy ghalani mwake.

Naapa sijapata kuona uso ukibadilika kama ulivyobadilika wa mama mkubwa. Mwaka ule wa 1921 huyu bwana alikuwa anauza nyama ya nguruwe kwenye kambi ya askari walewale walioshika ule mkasi. Kijiji kizima kilijua. Na kijiji kizima kilinunua unga dukani kwake kwa mkopo, kwa hiyo kijiji kizima kilikuwa na ndimi fupi.

"Toka," Nonie akasema.

"Nonie, tusikosane kwa mambo ya zamani..."

"Toka kabla sijakumwagia hii birika!"

Jumapili ya Pasaka ilikuja na jua. Bendi ilipiga, mheshimiwa mmoja kutoka Dublin, mji mkuu, alikaa mbele, wapiganaji wa zamani walisimama mstari mmoja na medali vifuani. Garrihy alipanda jukwaani akaanza kusimulia. Eti alimpokea kamanda kwa mikono yake. Eti alimfunga jeraha kwa shati lake la harusi. Wanawake walianza kujifuta machozi.

Ndipo Nonie alipotokea, amevaa lile koti la Tuohy, mikono imemfunika vidole. Alipita katikati ya watu hadi chini ya jukwaa.

"Jeremiah," akaita, "bega gani?"

"Nini?"

"Risasi ilimpiga bega gani? Ulimfunga wewe. Waambie."

Garrihy akatazama huku na huku. "La kulia," akasema. "La kulia, kila mtu anajua."

Nonie akageuka, akawaonyesha watu mgongo wake. Tundu lilikuwa kushoto, kingo zake zimekauka nyeusi. Akapeleka mkono begani, akaingiza kidole tunduni.

"Labda aliligeuza koti ndani nje!" mtu mmoja akapiga kelele kutoka nyuma, na watu wakaangua kicheko. Garrihy akaipungia bendi mkono. Bendi ikapiga, kwa nguvu, mpaka sauti ya mama mkubwa ikamezwa akiwa bado anataja majina ya wale wasichana. Mheshimiwa akavuta kitambaa kilichofunika jiwe. Na pale, kwa rangi ya dhahabu, jina la saba likang'aa kama yale mengine. Gazeti lilichapisha picha ya jiwe. Kuhusu Nonie, hata herufi moja.

Wiki ile alikuja padri msaidizi, kijana mwema, ametumwa. "Bibi Nonie, msamehe. Amani ya parokia."

"Baba, mtu husamehewa akiungama. Yeye amechonga uongo kwenye mawe. Mwambie akaungame kwa patasi."

Kisha akaja Batt Meaney, mpiganaji wa kweli, aliyesimama mstarini siku ile bila kufungua mdomo. Alilia mezani. "Nilijua, Nonie. Sote tulijua."

Nilidhani atamwonea huruma. "Ulijua," akamwambia, "ukasimama pale na medali yako. Yule mwizi simshangai, Batt, kuiba ndiyo kazi yake. Wewe ndiye uliyeninyoa mara ya pili. Kunywa chai yako uende."

Mama mkubwa alikufa Novemba ya 1971, hasira yake nzima, haijapungua hata chembe. Wengine walisema ingefaa aiache kabla ya kufa. Mimi nasema ilikuwa mali yake, wala haikumzuia kucheka wala kupenda watu.

Asubuhi ya mazishi Garrihy alikuja na kamati yake, bendera ya taifa mkononi, wamfunike nayo na kumbeba. Mama yangu alisimama langoni.

"Jeremiah, dada yangu alisema hakuna mwanamume wa kijiji hiki atakayembeba. Rudi nyumbani."

"Lakini nani atambeba, mama? Wanawake?"

"Walibeba makubwa zaidi."

Padri alinong'ona kwamba haijawahi kuwa hivyo. Tulikuwa sita: mama, mimi, dada zangu wawili, na mabinti wawili wa Sheila Moroney. Tuliliinua jeneza, tukayumba kidogo, tukashika mwendo. Mlima wa makaburini ni mkali na matope yalikuwa mengi. Tulipumzika mara mbili, na mara zote mbili wanaume walisogea kusaidia, mama akawatazama, wakarudi nyuma. Batt Meaney alifuata mbali, peke yake, kichwa wazi mvuani. Huyo hatukumfukuza.

Nilipogeuka kwenye kona, Garrihy alikuwa bado amesimama langoni petu na bendera yake chini ya kwapa, hajui aiweke wapi.