Kioja cha Dirishani

Jumatatu, tarehe 8 Machi 1999, mhudumu wa duka la intaneti alifungua mlango saa mbili kamili asubuhi, na kabla ya saa tatu alikuwa amekwisha kubandika dirishani kioja cha siku hiyo. Ndiyo iliyokuwa desturi yake: alifuta vidole kwa kitambaa, akachapisha habari moja ya ajabu, kisha akawasomea wapita njia kwa sauti ya mtangazaji wa redio, bila kucheka. Hakuwa akila chochote kazini, kwa kuchelea kuacha mafuta kwenye kompyuta. Siku hiyo habari ilidai kwamba ziwani mwetu amevuliwa samaki mwenye uso wa binadamu. Kufikia saa saba, hakuna aliyekuwa amenunua samaki wa kukaanga wa Mama Lornah, aliyeuzia kando ya mlango, nao hawangefaa tena kesho yake.

“Bwana Kompyuta,” Mama Lornah alimwita mhudumu, “hiyo samaki yako iko na uso, ilikuwa na kitambulisho?” Watu walicheka, lakini hawakununua.

Mhudumu alibandua karatasi, akaketi kwenye benchi la Mama Lornah na kuagiza samaki mzima, ngege. Alianza na kichwa. Alinyonya macho, akavunja mashavu kwa vidole vile vile, mafuta yakimtiririka hadi kwenye saa ya mkononi.

“Mama, huyu hafanani na mtu yeyote ninayemjua,” alitangaza kwa sauti ya redio. “Niongezee ugali.”

“Nipe na mimi,” akasema mzee mmoja, “kabla huyu hajamaliza.”

Mwaka mmoja baadaye, Mama Lornah alikuwa na meza mbili, na vichwa ndivyo vilivyoisha kwanza.