Tangazo la Kumrudisha Kasemanani

Wanafunzi ndio waliombandika jina la Kasemanani, na lilimkaa vizuri kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Miaka yote aliyofundisha, ukimletea habari yoyote, hata ya kwamba nje kunanyesha, alikukazia macho na kuuliza: "Kasema nani?" Aliingia darasani na magazeti mawili ya siku moja, akayabandika ubaoni, na watoto wakatafuta yalipopishana. Mpaka leo mtaani kwao wauza dawa za miujiza hawana biashara.

Kisha akastaafu. Jamani, kustaafu kulimnyong'onyesha! Kila mtu alimwambia apumzike, kana kwamba aliwahi kulalamika kuchoka. Asubuhi alivaa saa yake, akaketi sebuleni, na kengele ya shule ilipolia ng'ambo ya barabara, miguu ilitaka kusimama yenyewe. Mkewe aliona, akajifanya hakuona. Mzee alilitamani vumbi la chaki. Aliwatamani hata wale wakorofi wa viti vya nyuma, hao hasa.

Siku moja jioni simu ikalia. Kundi la wazazi, ambamo alibaki kwa kuwa hakuna aliyekuwa na moyo wa kumtoa, lilikuwa limepokea tangazo lenye nembo ya shule, mhuri na saini ya mkuu: kutokana na upungufu wa walimu, mwalimu mstaafu wa somo la habari anaombwa kurejea kazini kesho asubuhi. Chini kulikuwa na picha yake, ile ya siku ya kuagwa.

Alilisoma akiwa amesimama, akalisoma tena akiwa ameketi. Lile swali lake halikumjia kabisa.

"Mama watoto, pasi iko wapi?"

"Pasi ya nini saa hizi?"

"Wameniita."

Mkewe akavaa miwani, akasoma. "Umempigia mkuu?"

"Nimpigie ya nini? Si kaweka saini mwenyewe?"

Mama alikuwa na la kusema. Lakini ule uso wa mumewe hakuwa ameuona siku nyingi, basi akalimeza na kwenda kuileta pasi.

Kesho yake mzee aliiacha simu nyumbani, maana kwake simu na darasa havikukaa pamoja, akapita moja kwa moja hadi darasa lake la zamani. Ubao haukuwepo. Ukutani palikuwa na skrini pana, na kwenye skrini hiyo, tangazo lake, mhuri umezungushiwa duara jekundu. Watoto, ambao aliwafundisha mwaka wake wa mwisho, walikaa wawiliwawili na tableti zao. Mwalimu wao, binti aliyepita mikononi mwake tangu akiwa na mapengo, aligeuka na kupigwa na butwaa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Naona mlikuwa mnanisubiri."

Hakuna aliyecheka. Binti akamsogelea na kusema kwa sauti ya chini, "Ni zoezi, Mwalimu. Kila kundi linatunga habari ya uongo, wengine wanaichambua: picha imetoka wapi, mhuri ni wa kweli au umechorwa. Haikutakiwa kutoka humu ndani. Mmoja wao kairusha kwa utani. Nimegundua asubuhi hii, nimekupigia, simu haipokelewi. Nisamehe."

Mzee akaitazama skrini. Sasa aliyaona yote: mhuri umekaa upande, saini imekatwa kwenye waraka mwingine na kupachikwa. Zamani mtoto asiyeyaona hayo angerudishwa akaangalie upya. Alijisikia aibu, na chini ya aibu, uchungu wa mtu aliyefukuzwa kazi mara ya pili.

"Nani katunga?"

Msichana wa dawati la mbele akasimama, macho chini.

"Umeijenga vizuri. Ila niambie, mlijuaje kuwa mimi nitanasa?"

"Hatukukufikiria wewe, Mwalimu," alisema. "Tuliambiwa tutunge habari ambayo sisi wenyewe tungependa iwe kweli. Eti hiyo ndiyo mtu huwa haikagui."

Mzee akageukia dirisha. Kisha akawarudia watoto.

"Basi andikeni," akasema. "Andikeni kwamba mzee mzima aliiamini kwa hamu tu."

Binti akamvutia kiti chake cha mwalimu. Mzee akatikisa kichwa.

"Sogea kidogo, mjukuu wangu," akamwambia yule msichana, akaketi naye dawatini, magoti yakigonga mbao. "Haya, nionyeshe ulivyoikata hiyo saini."

Msichana akaivuta tableti katikati yao. Kengele ya mwisho wa kipindi ikalia, na darasa zima likabaki limekaa.