Bosi wangu Mholanzi anauza nyumba iliyoshikana ukuta na ya mama yake. Nikaingilia, na sasa sijui nimkasirikie nani

Wakuu, salaam kwenu, mlio kazini na mliotoka zamu mkajinyoosha.

Mimi ni msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu. Leo naandika kwa sababu kuna jambo limenitokea na bado halijakaa sawa kichwani. Nitalieleza lilivyokuwa, na pale ambapo sikuelewa nitasema sikuelewa.

Ni dereva hapa Doha, mwaka wa saba sasa. Kwetu ni Korogwe. Naishi Al Mansoura, chumba kimoja na Mkenya wa Bungoma anaitwa Wafula, yeye ni sekyuriti. Namwendesha mhandisi mmoja wa Kiholanzi anayekaa kwenye kompaundi kule Muaither. Nitamwita Bwana Ruud.

Kuna kitu kimoja lazima mkijue mapema, la sivyo hamtanielewa huko mbele.

Nyumbani nimejenga. Nyumba imekwisha: bati, madirisha, vigae, choo cha ndani. Ipo hatua kama kumi na tano kutoka mlango wa mama yangu. Na nimeifunga. Nataka wa kwanza kulala mle niwe mimi, siku nikirudi moja kwa moja.

Mwaka jana mama aliniomba mara tatu nimruhusu mwalimu mmoja wa shule ya msingi apange pale. Mwanamke, ana mtoto mmoja. Mara zote tatu nilikataa. Mama yupo peke yake tangu baba afariki. Kila Ijumaa anafungua, anafagia, anafunga, anarudi kwake.

Wafula hunicheka sana kwa hili.

"TZ, hiyo si nyumba, ni museum. Hata popo wamelala huko mara mob kuliko wewe."

Mimi humwambia ajenge ya kwake kwanza ndipo tuongee.

Haya, tuendelee.

Januari, joto lilipopungua, mama yake Bwana Ruud alikuja kumtembelea kwa wiki tatu. Anaitwa Ria, anakaribia miaka themanini, mrefu, na anatembea haraka kunishinda. Siku ya kwanza nilimwita Madam, akasema hapana, niite Ria. Jamani, mtu wa umri wa bibi yangu nimwite jina kavu hivyo? Tukakubaliana Mama Ria.

Asubuhi moja nimesimamisha gari nje ya ofisi, Bwana Ruud hakushuka. Alikuwa siti ya nyuma anakula mkate wake wa jibini. Akanipa simu yake, picha zimefunguliwa.

"Angalia. Nyumba yangu ya kijijini. Naiuza."

Wakuu, niwaeleze ile nyumba taratibu, maana mimi mwenyewe ilinichukua muda.

Chukua zile kota za reli unazozijua. Nyumba nne zimeshikana kwa mstari, ukuta wa huyu ndio ukuta wa yule. Sasa zifanye za matofali mapya, ghorofa moja juu, ngazi za ndani zimesimama kama za kupandia darini. Ya Bwana Ruud ni ya mwisho kwenye mstari. Kwa hiyo inashikana na jirani upande mmoja tu. Upande wa pili ina dirisha na kanjia kembamba kwenda bustani ya nyuma, na kibanda cha baiskeli. Nyuma ya bustani ni majani na ng'ombe.

Hakuna geti. Hakuna nondo. Dirisha la mbele ni kioo kikubwa hakina hata pazia, mpita njia anakuona unavyokula. Nikauliza wezi je? Akasema hiki ni kijiji kidogo. Nikasema hata kwetu ni kijiji kidogo.

Ndani ilikuwa tupu kabisa. Ila mezani jikoni palikuwa na maua mabichi kwenye chupa ya maji. Nikajiuliza, nyumba haina watu miaka miwili tangu bosi ahamie huku, haya maua kaweka nani? Sikuuliza.

Nikauliza jingine. "Na hii ya pili, mliyoshikana nayo ukuta, ni ya nani?"

"Ya mama."

Nikamrudishia simu. Akaendelea kutafuna, akasema, "Usimwambie bado. Kuna watu wamepiga simu wanaitaka. Nataka nimpe sapraizi mwenyewe."

Sapraizi!

Mjue na mimi nilikuwa nawaza kwa akili ya nyumbani. Kwetu mtu akiuza nyumba kuna mgonjwa, au kuna kesi, au ndoa imekufa. Na hata hapo wanakaa kwanza ukoo mzima. Huyu anauza ubavuni kwa mama yake, mama hajui, na yeye anatafuna mkate.

Jioni nikamweleza Wafula. Hakuinua hata macho kwenye sufuria.

"Wewe endesha gari, bana. Ukijitia kwa mambo ya mtu na mamake utapandishwa ndege, na hiyo museum utaifungua mapema."

Nikakaa siku mbili kimya. Zilikuwa siku ngumu, kwa sababu zote nilikuwa na Mama Ria. Nilimpeleka Souq Waqif akanunua zafarani na lozi, nikampeleka Kornishi, ile njia ya kando ya bahari, akatembea mwendo wake ule mimi nikihema nyuma. Njiani akasema kitu ambacho sikukielewa hata kidogo.

"Nyumbani ukuta wangu wa sebule umekuwa baridi."

Nikamwambia basi ana bahati, sisi hapa ukuta wa baridi tunautafuta. Akacheka kidogo, hakueleza. Mimi nikasema moyoni, masikini, hata hajui kinachokuja.

Siku ya tatu nikashindwa. Tukiwa tunarudi Muaither nikamwambia Bwana Ruud, naomba ruhusa niseme jambo ambalo si kazi yangu. Akasema sema.

Nikamwambia yote. Kwamba kwetu mtu hauzi ukuta wa mama yake. Kwamba akiingia mgeni pale, mama atazeeka na mtu asiyemjua. Kwamba kumficha ndiyo mbaya zaidi.

Taa ikawa nyekundu, nikasimamisha gari.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, bosi."

"Kuhusu kuuza anajua. Asichojua ni kwamba wateja wamepatikana. Lakini kesho ukiwa naye, muulize mwenyewe kwa nini nauza."

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa mara ya kwanza. Anajua? Anajua, na anatembea kwa furaha vile?

Kesho yake tukakaa kwenye benchi Kornishi, yeye na lozi zake. Nikauliza. Mama Ria alicheka mpaka akavua miwani.

"Mimi ndiye niliyemwambia auze. Mwaka mzima nimembembeleza. Hakutaka. Alitaka iwe inamsubiri, mpaka juzi ndipo akakubali."

Tulikuwa tunaongea Kiingereza, chake cha kupinda na changu cha barabarani, lakini maneno yale nimeyashika yote.

"Ruud alipokuwa pale nilisikia miguu kwenye ngazi. Nikisikia ngazi najua kumekucha. Alikuwa akiwasha hita kwake, ukuta wangu unakuwa vuguvugu, nikaweka kiti changu hapo nafuma. Sasa hita imezimwa, ukuta baridi. Nasikia friji yangu tu."

Nikamwambia, lakini watakaokuja ni wageni. Hawajui wewe ni nani.

"Watajua. Maua yale kwenye picha nani aliweka? Mimi. Nilitaka wakija kuangalia waone jirani yupo." Akanisogelea kama anataka kunong'ona siri. "Na wale waliopiga simu wana mtoto mchanga. Rafiki yangu wa kijijini aliniambia siku ile ile. Usimwambie Ruud. Ana hamu sana ya kunishangaza."

Kwa hiyo, wakuu, mtoto anamficha mama, mama anamficha mtoto kwamba anajua, na siri zote mbili ziko kwa dereva.

Nikacheka na mimi. Kisha akaniuliza, kwa kuniuliza tu, kwetu je? Nikamweleza nyumba yangu. Vigae, madirisha, hatua kumi na tano. Nikamweleza hata mwalimu niliyemkataa, nikijua atasema nimefanya vizuri kuitunza.

Alikuwa anamenya lozi. Akasema, "Na mama yako anasikia nini?"

Basi. Akatia lozi mdomoni.

Nilimrudisha Muaither na bado sijajibu, na yeye hakunidai.

Ijumaa sikwenda kokote. Nilikaa kitandani nikapanga maneno. Mtu uliyekataa mara tatu huwezi kugeuka hivi hivi, unataka uonekane umefikiri. Nikapiga.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, baba. Umekula?"

"Nimekula. Mama, nimewaza kuhusu ile nyumba. Yule mwalimu, kama bado anatafuta, muache aingie. Mpe funguo."

Nikadhani mtandao umekata.

"Mama?"

"Nipo. Mwalimu Zainabu?"

"Ndiyo, huyo huyo."

"Huyu hapa anamenya vitunguu. Ngoja umsalimie."

Wakuu.

Simu ikapokelewa na sauti ya mwanamke, "Kaka, habari za huko? Tunashukuru sana kwa nyumba," na mimi nikajikuta nasema karibu, karibu sana, kama mtu anayepokea mgeni kwenye nyumba ambayo mgeni yumo.

Mama aliporudi kwenye simu nikamuuliza, tangu lini?

"Tangu zile mvua kubwa. Banda alilopanga lilivuja, mtoto analala kwenye maji. Ningefanyaje, nimtazame, na funguo ziko kiunoni kwangu?"

"Mbona hukuniambia?"

"Ungekataa mara ya nne."

Nikakumbuka kitu. Miezi kadhaa sasa, kwenye voice za mama nilikuwa nasikia mtoto nyuma akiimba hesabu. Mara mbili niliuliza ni nani. Mama akajibu, mtoto wa jirani, baba. Na kweli ni mtoto wa jirani. Hajanidanganya hata neno moja, nimepekua voice zote.

Wafula alikuwa pale anapiga pasi yunifomu. Nilimwona mabega yanatingishika.

"Museum imefunguliwa, TZ! Na hukualikwa!"

Sasa nisaidieni kupanga hisia zangu. Nusu yangu imeudhika. Ni jasho langu, nilisema hapana, na nyumba imetiwa mtu nyuma ya mgongo wangu. Nusu nyingine inajiuliza, kama mama angenitii, mvua zile zote angesikia nini?

Kabla ya kukata, mama alisema mtoto ameanza hesabu zake, tuagane. Nikamwomba asikate. Nikamwambia aingie nayo mle ndani, aiweke simu chini tu. Akaiweka. Nikamsikia yule mtoto, saba mara nane, saba mara tisa, sauti inagonga vigae vyangu na kurudi. Sijawahi kusikia nyumba yangu ina sauti gani. Nilisikiliza mpaka kumi na mbili mara kumi na mbili.

Mama Ria amesharudi kwao. Wale wenye mtoto mchanga wamehamia. Bwana Ruud anasema mtoto analia alfajiri na Mama Ria anamsifia kwenye simu kana kwamba ni mjukuu. Ile sapraizi alipewa, akashangaa vizuri kabisa. Mimi siri yake sijaitoa mpaka leo, ila kwenu ninyi.

Nililojifunza ni dogo, na yawezekana wengine mnalijua tangu zamani. Nilidhani naitunza nyumba kwa ajili ya kurudi, kumbe kila siku mama alikuwa anaamka na kutazama mlango uliofungwa. Kama una nyumba imefungwa mahali na kuna mtu wako anaishi kando yake, mpigie leo umuulize anasikia nini. Usiogope jibu. Mimi niliogopa bure, jibu lilikuwa limeshahamia.

Habari ya kodi sijauliza, na tafadhali msiniulize.

Uwanja ni wenu. Nilipaswa kukasirika au kushukuru? Wenye mama zao peke yao nyumbani naomba waanze, Wakenya mnaotaka kunicheka pangeni foleni nyuma ya Wafula.