Ombi Lako ni Kokwa Ipi?

Nakumbuka siku moja, mjukuu wangu, nimesimama uani kwetu Temeke, kanga nimeikaza kiunoni kama mtu anayekwenda ugomvini. Na kweli nilikuwa nakwenda. Baba alikuwa amemkataa babu yako, wakati huo kijana wa Mtwara mchonga vinyago, na mie nilitaka nikamwambie baba yote yaliyonijaa kifuani.

Shangazi yangu alikuwa barazani anamumunya ubuyu. Akaniita.

"Wee, unakwenda kumwambia nini?"

"Kila kitu."

"Kila kitu si neno. Hebu kaa."

Akanimwagia kokwa zake za ubuyu mkekani, nyingine bado zina mate, lakini kwa shangazi hukatai kitu. Akasema kila neno langu niliwekee kokwa moja. Nikaweka: dada alijichagulia mume. Kaka husikilizwa, mie sisikilizwi. Watu wa kusini wanasemwa bure. Nikaendelea mpaka shangazi akachoka kutazama.

"Na ombi lako ni kokwa ipi?"

Nikaitafuta. Haikuwepo. Hasira nilikuwa nazo za kutosha mtaa mzima, ombi sina.

Akazifagia kwa kiganja, tukaanza upya. Kwanza ombi: nataka kuolewa na huyu. Chini yake hofu ya baba: nitapelekwa Mtwara asinione tena. Kisha jibu: kijana ana kibanda chake cha kuchongea hapa hapa mjini, haendi popote.

"Na ya dada?" nikauliza.

"Itupe. Ni tamu kuisema, lakini haikuozeshi."

Nikaingia kwa baba. Sijafika mbali akanikatiza, akaanza habari za paa linalovuja. Ningekwenda na zile hasira zangu ningeangua kilio. Nikalisikiliza paa lake mpaka likaisha, nikarudi pale nilipoachia. Baba akakaa kimya sana. Halafu akasema, "Mwambie atume mshenga."

Ndiyo maana wewe upo, na leo umerudishiwa kazi ya chuo, mwalimu kaandika kwamba haionekani unatetea nini. Kakupa nafasi ya kuirudia, nawe umeifungua kompyuta unamwaga maneno upya, eti kupanga hoja kunapoteza muda. Mie shule sikufika mbali, na mada yako siijui. Ila najua mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Chukua karatasi chakavu. Andika unadai nini, mstari mmoja tu. Chini yake andika kwa nini uaminiwe, kisha asiyekubali atasemaje nawe utamjibu nini. Kisichobeba dai lako kitoe, hata kama kimekutoa jasho kukisoma. Na ukifika katikati ukaona mpango umepinda, hamisha. Kokwa hazipigiliwi misumari.

Mungu akupe utulivu wa kujua unachotaka kabla hujafungua mdomo, mwanangu, na huyo mwalimu wako akimaliza kusoma, anyamaze kidogo kama baba alivyonyamaza.